Saikolojia, kriminolojia, au zote mbili? Ulinganisho kwa anayechagua kozi akiwa Mbeya au Iringa

Wengi wanaotaka kusoma kriminolojia (elimu ya uhalifu na namna jamii inavyoushughulikia) na saikolojia (elimu ya akili na tabia za mtu) pamoja huwa na picha moja kichwani: mtu aliyevaa glavu anaokota unywele sakafuni, halafu anamtazama mtuhumiwa machoni na kujua papo hapo kama anadanganya. Kazi ya kwanza ni ya maabara. Hapa kwetu inafanywa na watu waliosoma kemia na baiolojia, kama wale wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Kazi ya pili hakuna anayeiweza. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio mengi yaliyokwishafanywa na kukuta kwamba watu wanapomsikiliza na kumtazama msemaji hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54 tu, yaani kidogo zaidi ya kubahatisha. Polisi nao hawakuwa na jicho kali kuliko watu wengine.

Kama hiyo picha ndiyo iliyokuvuta, usikate tamaa, lakini iweke pembeni kabla ya kujaza fomu. Kinachobaki baada ya kuiondoa ni kikubwa zaidi, na mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini inakihitaji.

Tukio moja, maswali mawili

Tuanze na ujumbe ambao karibu kila mwenye simu ameshaupata: "Ile hela itume kwenye namba hii." Tuseme mama mwenye duka pale Mwanjelwa, anayehesabu chenji bila kukosea tangu asubuhi hadi jioni, ametuma laki mbili kwa mtu asiyemjua.

Mwanasaikolojia ataanza na huyo mama. Je, siku hiyo alikuwa kweli anadaiwa na mtu, hivyo ujumbe ukamkuta tayari anafikiria deni? Kama alipigiwa, aliyepiga alijitambulisha kuwa nani, na sauti yake ilikuwa na mamlaka gani? Aliharakishwa vipi hadi akakosa muda wa kumuuliza jirani? Na baada ya kugundua, kwa nini alikaa kimya badala ya kwenda kituoni? Aibu ya kuonekana mjinga ni jambo zito. Ndiyo inayofanya matapeli wavune mtaa mmoja kwa muda mrefu bila mtaa kupeana taarifa.

Mwanakriminolojia ataanza kwingine. Atauliza kwa nini takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano zimeutaja mkoa wa Rukwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Watu wa huko hawakuumbwa tofauti na wa Iringa. Basi ni nini? Nani alianza, nani akamfundisha mwenzake, na vijana wanaofanya kazi hiyo wanaiita wizi au wanaiita akili ya maisha? Laini zilizosajiliwa kwa alama za vidole za watu wengine zinapatikanaje? Aliyeibiwa akiwa Mbeya, laini ikiwa na jina la mtu wa Tabora, na fedha zikiwa zimetolewa kwa wakala wa Sumbawanga, faili linafunguliwa wapi na nani atalifuatilia? Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Mwanakriminolojia anataka kujua umbali uliopo kati ya sheria hiyo na meza ya polisi wa wilaya.

Majibu ya upande mmoja bila mwingine huwa nusu. Ukiwa na saikolojia tupu utaandaa semina nzuri ya kuwafundisha wafanyabiashara wasidanganyike, huku wauzaji wa laini haramu wakiendelea na biashara yao. Ukiwa na kriminolojia tupu utapendekeza udhibiti wa laini, na yule mama bado hatakwenda kuripoti.

Mfano wa pili ni mzito, nao nautaja kwa sababu bado unauma. Mapema mwaka 2019 Njombe ilipitia mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Upande wa kriminolojia, maswali yalikuwa juu ya soko: nani analipa, nani anaagiza, wapiga ramli wanapataje nguvu kijijini, na kwa nini Sheria ya Uchawi tuliyorithi kutoka kwa mkoloni haikufika kwenye mzizi. Upande wa saikolojia, kulikuwa na wazazi waliofiwa, watoto walioogopa njia ya kwenda shule, na walimu waliotakiwa kuendelea kufundisha darasa lenye hofu. Polisi walipomaliza upelelezi wao, kazi hii ya pili ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na watu wa kuifanya walikuwa wachache.

Zilikoachana na zilikokutana

Masomo haya yana umri unaokaribiana. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu akidai kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu na anatambulika kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1879, Wilhelm Wundt alifungua maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani. Dai la Lombroso lilivunjwa na Charles Goring wa Uingereza mwaka 1913, baada ya kuwapima wafungwa wapatao 3,000, kuwalinganisha na watu wengine na kukosa hilo umbo la kihalifu.

Kriminolojia ikageukia mtaa. Huko Chicago, Clifford Shaw na Henry McKay walionyesha kwamba vitongoji fulani vilibaki na uhalifu mwingi wa vijana kwa miongo kadhaa, ingawa wakazi walihama na wengine wa asili tofauti kabisa wakaingia. Edwin Sutherland akaongeza kuwa uhalifu hufundishwa, kama kazi nyingine yoyote, na watu wa karibu. Akasema pia kwamba wezi wenye tai ofisini nao ni wahalifu, jambo lililowakera wengi enzi zake.

Saikolojia ilibaki na mtu mmoja mmoja. Nadhani hapo ndipo kila somo lilipopata udhaifu wake. Saikolojia ikisomwa peke yake hukuzoesha kutafuta kasoro ndani ya mtu hata pale ambapo kasoro ni ya mtaa, ya njaa au ya mahakama inayochelewa. Kriminolojia ikisomwa peke yake hukuzoesha kuona grafu, na siku mfungwa akikaa mbele yako analia, hujui useme nini.

Darasani hali ikoje

Saikolojia itakupeleka kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, ukuaji wa mtoto, kumbukumbu, tabia za makundi, magonjwa ya akili na namna ya kupima akili na haiba. Kama ni saikolojia ya ushauri, kuna mazoezi ya vitendo: unakaa na mtu mwenye tatizo la kweli, mkufunzi anasimamia. Kriminolojia itakupeleka kwenye nadharia za uhalifu, sheria ya jinai, historia ya adhabu na magereza, waathirika wa uhalifu na haki zao, na namna ya kusoma takwimu za polisi ukijua kwamba makosa mengi hayaripotiwi kabisa.

Zote mbili zina takwimu. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu wanafunzi wa tahasusi za sanaa, kama HGL na HKL, wengi huchagua kozi hizi wakidhani wameikimbia hesabu. Hujaikimbia. Utakutana na wastani, uwiano na vipimo vya uhakika wa matokeo katika mwaka wa kwanza au wa pili, na ukizichukua kozi zote mbili utakutana navyo mara mbili. Habari njema ni kwamba ni hesabu inayofundishika kwa mtu mwenye subira, na mara ya pili huwa rahisi.

Kuna somo moja ambalo likifundishwa vizuri humfanya mwanafunzi aone kwa nini watu wameunganisha fani hizi: kumbukumbu ya shahidi. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yanayogongana, kisha wakawauliza yalikuwa kwenye mwendo gani. Waliotajiwa kitenzi kikali, mfano wa kusema magari "yalibamizana", walikadiria mwendo mkubwa kuliko waliotajiwa kitenzi cha upole. Baada ya wiki moja waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo vilivyovunjika, lakini miongoni mwa 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema waliviona. Kwa neno la upole walikuwa 7.

Sasa mweke mtoto wa miaka saba mbele ya Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo chochote cha polisi hapa kwetu, na mama yake pembeni, na askari anayeuliza, "Alikushika hapa, eeh?" Swali lenyewe limeshapanda jibu. Wakili wa utetezi akilijua hilo ataibomoa kesi, na mtoto aliyefanyiwa ukatili kweli atakosa haki kwa sababu ya namna alivyoulizwa. Askari mwenye elimu ya saikolojia atasema, "Niambie kilichotokea," kisha atanyamaza na kusubiri. Hapo ni ujuzi mdogo unaoamua kesi nzima.

Jambo jingine linalotofautisha madarasa haya mawili ni siri. Saikolojia hukufundisha kuficha: jina, sura, hata kijiji cha aliyekueleza shida yake. Kwenye mji kama Makambako au Tukuyu, ambako mteja wako wa asubuhi ni shemeji wa mwenye nyumba wako, mafunzo hayo ni magumu kuyatimiza kuliko vitabu vinavyosema. Kriminolojia inataka taarifa zitoke, zikusanywe, zihesabiwe. Na sheria nayo ina neno lake: chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Anayesoma zote mbili hujifunza mapema wapi siri inaishia.

Mbeya ina kitu ambacho mikoa mingi haina

Shule ya Maadilisho Irambo, mkoani Mbeya, inayopokea watoto waliotiwa hatiani na mahakama, kwa miaka mingi imekuwa ndiyo shule pekee ya aina hiyo nchini. Mbeya pia ina mahabusu ya watoto. Kwa hiyo ukiniuliza ni wapi Tanzania mtu angepaswa kutamani kuwa na akili za fani zote mbili, nitasema Mbeya bila kusita.

Sheria yetu imeweka msingi mzuri. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa kosa la jinai. Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na katika Mahakama ya Watoto afisa ustawi wa jamii anatakiwa awepo. Yeye ndiye anayeandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii: nyumbani kukoje, shule iliachwa lini, nani anamlea, rafiki zake ni akina nani. Hakimu anaamua akiwa na karatasi hiyo mkononi.

Fikiria kijana wa miaka 15 aliyekamatwa kwa kuvunja duka Mafinga. Taarifa inaweza kuandikwa na mtu ambaye amesoma saikolojia tu: ataona msongo, msiba wa baba, pengine ulevi unaoanza. Inaweza kuandikwa na aliyesoma kriminolojia tu: ataona kundi, kituo cha bodaboda wanachokaa, na mnunuzi wa vitu vya wizi ambaye hajaguswa na mtu. Hakimu anahitaji vyote.

Tena hapa utafiti una maneno ya kusaidia. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt aliandika makala ambayo kriminolojia nzima imeipokea. Alitenganisha makundi mawili ya vijana wanaovunja sheria: walio wengi, ambao huanza kwenye ujana na kuacha wanapokomaa, na wachache ambao dalili zao zilianza utotoni na huendelea ukubwani. Ukiwachanganya, unaharibu. Wakanada Donald Andrews na James Bonta nao walisisitiza, tangu 1990, kwamba nguvu ya huduma ilingane na hatari aliyonayo mtu. Kijana wa hatari ndogo ukimwekea hatua kali, unaweza kumwongezea tatizo. Na mwaka 1999 Thomas Dishion na wenzake walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wakorofi kwenye kundi moja la ushauri kunaweza kuwafanya wafundishane ukorofi zaidi, jambo ambalo Sutherland angelitabiri bila kuona takwimu.

Afisa ustawi anayeyajua haya ataandika pendekezo tofauti. Atamwombea yule kijana wa Mafinga abaki nyumbani chini ya uangalizi, arudi shule au aende ufundi, badala ya kutumwa mbali na mama yake. Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu mijadala ya kuchagua kozi huishia kwenye mishahara, na sioni mtu akimwambia mwanafunzi kwamba karatasi moja aliyoiandika vizuri itabadilisha miaka kumi ya maisha ya mtoto.

Ajira, bila kupakwa rangi

Tangazo lenye maneno "mwanakriminolojia anahitajika" utalisubiri sana kwenye mfumo wa ajira wa serikali. Nafasi zilizopo zina majina mengine: afisa ustawi wa jamii, afisa maendeleo ya jamii, mchunguzi wa TAKUKURU, askari polisi, askari magereza, afisa uhamiaji, mtumishi wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, mtafiti au mratibu wa mradi kwenye shirika la haki za watoto. Kila moja ina orodha yake ya shahada zinazokubaliwa. Soma matangazo ya mwaka mzima uliopita kabla ya kuchagua chuo, uone ni shahada ipi iliyotajwa kwa jina lake. Jina la shahada likikosekana kwenye orodha, hata uwe umesoma mambo yaleyale, mfumo haukujui.

Saikolojia ya ushauri inatajwa zaidi: shule, vyuo, hospitali, taasisi za dini, miradi ya VVU na ya ukatili wa kijinsia. Inakuruhusu pia kujiajiri, ingawa hapa Nyanda za Juu watu bado hawajazoea kulipia ushauri. Wamezoea kwenda kwa mchungaji, padri, shehe au shangazi. Atakayefungua ofisi Iringa mjini ajiandae kwa miaka ya kwanza migumu.

Kwa jeshi, polisi au magereza, shahada haikuondolei kozi ya awali. Utakimbia na kulala chini kama wenzako, iwe Moshi kwa polisi au kwenye chuo cha Magereza kama kile cha Kiwira, Rungwe. Elimu yako itaonekana baadaye, kwenye upandaji wa vyeo na kwenye vitengo. Ukitaka sare, kriminolojia inakupa lugha ya kazi. Ninachoona mimi, askari mwenye saikolojia hufanya kazi iliyo bora zaidi na raia.

Kuna mkanganyiko mmoja unaowagharimu watu miaka. Mshtakiwa wa mauaji akidaiwa kuwa hakuwa na akili timamu, mahakama, iwe ya Iringa au ya Mbeya, humpeleka Isanga, Dodoma, sehemu ya Hospitali ya Mirembe, akachunguzwe. Anayetoa taarifa hiyo ni daktari wa magonjwa ya akili. Huyo alisoma udaktari wa binadamu kwanza, kisha akabobea. Shahada ya saikolojia haikufikishi hapo, na haikuruhusu kuandika dawa. Kama ndoto yako ni kutoa ushahidi wa hali ya akili ya mshtakiwa, na una PCB (fizikia, kemia na baiolojia) yenye alama nzuri, njia yako ni udaktari. Kama huna PCB, saikolojia tiba ngazi ya uzamili, kama ile ya Muhimbili, itakuleta karibu na kazi hiyo.

Utasoma wapi

Shahada moja yenye majina yote mawili, kriminolojia na saikolojia, ni kitu cha kawaida Uingereza. Hapa kwetu ni adimu, na kijana wa Mbeya hulazimika kuiunda mwenyewe kwa vipande. Ziko njia tatu ambazo naziona zinawezekana, na sizioni kuwa sawa.

Ya kwanza, ambayo naipendelea kwa walio wengi, ni kuanza na saikolojia ya ushauri karibu na nyumbani. Chuo Kikuu cha Iringa, kile kilichokuwa Tumaini, kina jina katika fani hiyo. Ukiwa pale unaomba mafunzo ya vitendo yako yafanyike ustawi wa jamii, dawati la jinsia au gerezani badala ya shuleni, na tasnifu yako ya mwisho unaiandika juu ya uhalifu. Kriminolojia yenyewe unaichukua kwenye uzamili, nchini au nje. Utakuwa na taaluma inayotambulika mkononi hata kama hiyo hatua ya pili itachelewa.

Ya pili ni kuanza na sheria au sosholojia. Sheria inafundishwa Iringa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Ruaha kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Katoliki Ruaha, na Mbeya katika Ndaki ya Mzumbe. Sosholojia unaweza kuisoma Chuo Kikuu Huria ukiwa kazini, kwa kuwa kina vituo mikoani, Mbeya na Iringa ikiwemo. Hii inamfaa mtu anayevutwa na upande wa kriminolojia: mfumo, haki, sera. Upungufu wake ni kwamba saikolojia ni vigumu kuiongeza baadaye, kwa sababu uzamili wa saikolojia mara nyingi hudai msingi wa saikolojia, ilhali uzamili wa kriminolojia hupokea watu wa fani nyingi. Hii ndiyo sababu kubwa ninayowaambia watu waanze na saikolojia.

Ya tatu ni kwenda nje. Jirani zetu Kenya wana shahada za kriminolojia katika vyuo kadhaa, Masinde Muliro kikiwa kimojawapo. Chuo cha Unisa cha Afrika Kusini hufundisha kriminolojia na saikolojia kwa masafa, ili mradi uwe na nidhamu na intaneti ya uhakika. Uingereza shahada ya pamoja huchukua miaka mitatu, minne kwa Scotland, lakini uliza swali moja kabla ya kulipa: je, kozi hiyo imeidhinishwa na British Psychological Society? Baadhi ya shahada za pamoja zimeidhinishwa na baadhi hazijaidhinishwa, kwa kuwa kiasi cha saikolojia ndani yake hakitoshi. Isiyo na idhini haikufungulii moja kwa moja mlango wa uanasaikolojia huko, hata jina la kozi liwe zuri namna gani. Kumbuka pia kwamba ukirudi na cheti cha nje, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) lazima ikitambue kabla mwajiri wa serikali hajakipokea.

Kuhusu mkopo, mwongozo wa Bodi ya Mikopo hupanga kozi kwa makundi ya kipaumbele na hubadilika. Usome wa mwaka wako, usitegemee alichopata kaka yako. Sifa ya kuingia vyuo vyetu kwa mwenye kidato cha sita ni angalau ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye pointi 4, na kozi nyingine hudai zaidi.

Nani achukue ipi

Kama watu hukufuata wenyewe kukueleza shida zao, na ukiwasikiliza hauchoki wala huna haraka ya kutoa mawaidha, nenda saikolojia. Kama unachokereka nacho ni kwa nini kesi zinakwama, kwa nini mtaa mmoja wa Tunduma una vibaka na wa pili hauna, kwa nini wananchi wanachoma moto mtuhumiwa badala ya kumpeleka kituoni, wewe ni wa kriminolojia, na utafurahia zaidi ukipitia sheria au sosholojia.

Zote mbili nazipendekeza kwa mtu wa aina moja: anayetaka kufanya kazi na watoto waliokosana na sheria, wafungwa wanaokaribia kutoka, au waathirika wa ukatili. Hapo kukosa fani moja kunaonekana kila siku kazini. Kwa askari au mwalimu ambaye tayari ana ajira, zote mbili pia zinafaa, kwa kuwa hatafuti jina la shahada la kumpatia kazi, anatafuta ujuzi wa kuutumia kwenye kazi aliyonayo.

Sizipendekezi kwa mtu ambaye amefiwa au ameumizwa na uhalifu juzi juzi na anatumaini masomo yatamponya. Wako wengi, na moyo wao ni safi. Lakini darasa linalosoma juu ya waathirika wa ubakaji si mahali pa kufungulia kidonda kibichi. Tafuta msaada kwanza, chuo kitakusubiri mwaka mmoja.

Mzazi anayeogopa kwamba binti yake atapelekwa magerezani kukaa na wahalifu, aende naye siku moja Mahakama ya Hakimu Mkazi. Kesi za watu wazima kwa kawaida husikilizwa hadharani, mtu yeyote anaruhusiwa kukaa kimya nyuma na kusikiliza. Wasikilize kesi mbili au tatu hadi mwisho wa asubuhi. Kisha, wakiwa njiani kurudi, amuulize binti alikuwa anamtazama nani muda wote: mshtakiwa, shahidi, au hakimu na mafaili yake. Jibu hilo litawasaidia kujaza fomu kuliko vipeperushi vya vyuo.